Mwenye Kapteni Tochi

La Rochelle, Johannesburg
6 Agosti 2023

Baba Gaëlle, ndugu yangu,

Salamu zikufikie wewe, Mama Gaëlle na watoto wote. Sijui hata kama bado nina haki ya kuuliza afya zenu, lakini nauliza: hamjambo? Mguu wa Mama Gaëlle ulipona? Na binti yangu wa ubatizo, Gaëlle, si amekuwa mtu mzima sasa? Mimi nipo. Magoti yanalia, sukari inapanda na kushuka, lakini kazini naenda. Bado ni sekuriti, nalinda maegesho ya magari ya supamaketi moja hapa Rosettenville.

Najua ulisema nisikuandikie tena. Miaka kumi nimetii. Leo sitii. Ukitaka kuichana barua ichane, ila soma kwanza.

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi wangu, yule Mrundi, Fiacre. Upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, upande wa pili bado. Nikainua macho ukutani, katikati ya matangazo ya vyumba vya kupanga na ya wachungaji wa miujiza, nikamwona Tochi. Kapteni Tochi wetu, Hénock! Kifua kinawaka, mguu mmoja juu ya baiskeli, ule ukurasa wa mbele wa toleo la tisa ambao nilikosea nikamchora vidole sita mkono wa kushoto. Nilipiga ukelele hadi Fiacre akanigusa sikio na wembe.

Tangazo linasema: “Anayewafahamu waliotunga Kapteni Tochi, Bukavu, 1995 hadi 1998, atupigie.” Ni studio ndogo ya katuni, Doornfontein. Mwenye studio ni binti anayeitwa Duni, wazazi wake Watanzania, kazaliwa hapa. Fiacre anasema shangazi ya huyo binti aliwahi kufundisha Bukavu akamwachia sanduku la matoleo yetu. Huku nako umeme unakatwa kwa zamu, eish, saa nne kwa siku, na huyo binti anasema Johannesburg nzima inamhitaji fundi baiskeli ambaye umeme ukikatika kifua chake ndipo kinawaka.

Sasa nakuuliza wewe. Tangu uliponipa kitambulisho chako mwaka 2004, askari walipokuwa wananitafuta kwa ule mchoro wangu wa komanda akiiba magunia ya mchele, mimi huku ni Hénock Mugisho. Karatasi za ukimbizi, benki, beji ya kifuani, mkataba wa chumba, vyote jina lako. Yule mama niliyeishi naye, niliyekuandikia habari zake, aliniita Hénock miaka minne, hadi akahamia Durban. Sikuwahi kumwambia. Kuna Jumapili nikiwa peke yangu chumbani najiita kwa sauti, Firmin, Firmin Balagizi, nisije nikalisahau. Majirani wanadhani nasali.

Nina hamu moja tu iliyobaki. Mtu aniulize, “Huyu Tochi nani alimchora?” Nami nimjibu, “Mimi, Firmin Balagizi,” na nisiogope. Niambie nifanyeje.

Baba wa ubatizo wa Gaëlle,
Firmin


Bukavu
19 Novemba 2023

Firmin,

Barua yako imeletwa na Mama Agnès, yule mfanyabiashara wa vitenge wa kanisani kwenu, pamoja na biskuti. Watoto wamezila kabla sijapata nafasi ya kuzikataa.

Sisi wazima. Mguu wa mke wangu ulipona mwaka 2014, asante kwa kuuliza mapema. Gaëlle ana miaka ishirini na miwili, anafundisha shule ya msingi. Mimi nafundisha vilevile, chaki ileile.

Umeuliza ufanyeje. Kwanza nikukumbushe ulichofanya. Nilikupa jina langu upite nalo mipaka, si uoe nalo. Ulisema ukifika salama utajieleza kwa wenye ofisi, utarudi kuwa wewe. Mwaka 2013 nilikaa Nairobi na mke na watoto watatu, tukihojiwa tupelekwe nchi ya tatu, kuishi ng'ambo kama wakimbizi. Siku ya mwisho yule mama wa ofisini akageuza kioo cha kompyuta nione mwenyewe: Hénock Mugisho, tarehe yangu ya kuzaliwa, baba yangu, mama yangu, mkimbizi Afrika Kusini. Akaniuliza kwa upole, “Sasa wewe ni nani?” Akatufuta kwenye orodha mbele ya watoto wangu. Tukarudi Bukavu kwa basi, na Gaëlle hakuuliza kitu njia nzima.

Pili, hakimiliki. Tochi ni wangu. Wewe ulimpa sura, mimi ndiye niliyempa cha kufanya. Na hivyo vidole sita, ulinidanganya ni vya nguvu za ziada, nikatunga toleo zima la kidole cha sita! Leo ndiyo nasikia lilikuwa kosa.

Tatu, usimsahau marehemu Mzee Ahmad, aliyetupa karatasi na mashine yake ya kudurufu. Nyuma ya kila toleo alipiga muhuri, “Mali ya Duka la Ahmad.” Binti yake Tabia ndiye mwenye duka sasa, na ukimtajia Tochi anakwambia ni wa baba yake. Kwa hiyo tupo watatu tunaovutana, na mmoja wetu hana hata jina.

Usiende kwa huyo binti. Ukienda na beji yenye jina langu, mimi na wewe tumemalizana.

Baba Gaëlle


La Rochelle
14 Januari 2024

Baba Gaëlle, ndugu yangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa nyumba nzima. Nimefurahi kusikia Gaëlle ni mwalimu. Nilifurahi hadi nikamwambia mlinzi mwenzangu, Mzulu, ambaye hakuelewa chochote ila alinipa mkono.

Barua yako imenikuta nimeshaharibu. Nilikwenda mwezi wa tisa. Nikwambie ukweli wote, kisha nitukane.

Mlangoni pa studio wanaandika wageni kitabuni, nikatoa karatasi yangu. Duni akaisoma, akapiga yowe, akanikumbatia. “Mzee Mugisho! Mwandishi mwenyewe!” Hénock, nilifungua mdomo nikanushe. Wallahi nilifungua, kama wanavyoapa jirani zangu Waislamu. Lakini mwanasheria wao, kijana mmoja Selemani, alishaichukua karatasi yangu anainakili, na mimi nikaona Pretoria, nikaona dirisha la ofisi ya wakimbizi, nikaona miaka ishirini inafutwa. Nikafunga mdomo. Wakaniletea chai. Wanataka kumtengenezea Tochi filamu ya katuni, na wiki iliyofuata nikasaini kama mwandishi. Nimekuibia mara ya pili, na safari hii sikuwa namkimbia mtu yeyote.

Selemani amenieleza mambo yalivyo. Sura ya Tochi ni ya mchoraji. Hadithi ni za mwandishi. Jina lake ni la wote wawili. Muhuri wa duka nao unamtisha, anataka sahihi ya Tabia. Mmoja asiposaini, filamu hakuna. Kila nikifika wananiuliza mimi, “Mzee, Firmin yuko wapi?” Nimewaambia yuko Bukavu.

Sasa sikiliza, usirushe barua. Hapo kwenu mtu akipoteza kitambulisho anakwenda ofisi ya serikali ya komini na mashahidi wawili, anapewa cheti chenye picha na muhuri. Nenda ukaseme wewe ni Firmin Balagizi. Saini kama mchoraji. Kwenye filamu majina yatasomeka yanavyostahili, hadithi Hénock, michoro Firmin. Uongo utakuwa baina yetu wawili tu.

Najua ninachokuomba. Sina mtu mwingine wa kumwomba.

Baba wa ubatizo wa Gaëlle,
Firmin


Bukavu
28 Aprili 2024

Firmin,

Tu wazima, isipokuwa mke wangu, ambaye hajaniongelesha wiki nzima, na sababu ni wewe.

Nilipomaliza kuisoma barua yako niliitupa jikoni. Gaëlle akaiokota. Siku hiyo alikuwa amefukua matoleo yetu ya zamani chini ya kitanda, akawasomea wadogo zake lile la Tochi na mganga wa betri. Firmin, walicheka! Watoto wa siku hizi, wenye simu, walicheka hadi yule mdogo akaanguka kwenye mkeka. Nikasimama mlangoni nikajisikia kijana. Nikajiambia, huyu Tochi atakufa chini ya kitanda kwa sababu wazee wawili wamenuniana?

Basi nimefanya. Mashahidi wangu ni Élysée seremala na mdogo wake. Karani aliniuliza jina la baba, nikamtaja marehemu baba yako, nikamwombea kimoyomoyo. Picha ni yangu, jina ni lako. Natoka, karani ananiita, “Bwana Firmin! Kalamu yako!” Nimetembea hatua kumi sijageuka. Ndipo nikaelewa maisha yako yalivyo huko, na nikaona aibu kidogo kwa maneno yangu. Kidogo, nimesema.

Masharti yangu. Unaponisemea Doornfontein, sema nilichokuandikia, usiongeze chumvi. Hadithi mpya nitatunga mimi, utazipeleka kama zako. Michoro utachora wewe, maana mimi hata kuku nikimchora watu wanauliza ni kiti gani.

Tabia amekubali kusaini, ila muhuri wa baba yake uonekane mwisho wa filamu, mwekundu, ukiwa umepinda vilevile. Sikuona sababu ya kumkatalia.

Hati zote zimo humu ndani, nimesaini jina lako mara sita. Mkono umezoea haraka, na hilo sikulipenda.

Baba Gaëlle


La Rochelle
10 Agosti 2024

Baba Gaëlle, mwandishi wangu, mchoraji wangu, kila kitu changu!

Hamjambo wote? Mama Gaëlle ameshafungua mdomo? Mwambie nampigia magoti, haya mabovu niliyonayo. Mimi mzima, na mwaka huu ni mzima kwelikweli.

Hati zimefika, Selemani amezigonga mihuri yake, mambo sharp, kama wanavyosema huku. Wameanza kazi. Filamu ni ya dakika ishirini tu, lakini dakika ishirini za Tochi kutembea, Hénock! Kuinama, kupiga pampu ya baiskeli, kugeuza shingo! Sisi tulimzoea amesimama.

Tatizo likaja: Duni anataka michoro mipya ya mkono wa Firmin, na itoke kwa Firmin. Basi safari hii utaona bahasha kubwa aliyokuletea Mama Agnès. Nimechora Jumapili zote mchana, dirisha wazi, jirani wa Kikongo juu anasuka nywele za watu na kuimba. Itie sahihi, iweke kwenye bahasha mpya, irudishe Doornfontein. Ndiyo, naijua njia: kutoka kwangu hadi Duni ni vituo vichache vya teksi, na michoro itapitia Bukavu. Sisi ndivyo tulivyo.

Ile picha moja ya kujaribu, niliyokutumia mwezi wa tano ukairudisha na sahihi, ilipofika studio nilikuwepo. Duni akaitandaza mezani akasema, “Mzee Hénock, rafiki yako mkono wake haujazeeka, umekuwa bora zaidi.” Nikanywa chai yangu. Nilikuwa kama bwana harusi aliyejificha chini ya meza anasikiliza anavyosifiwa. Nilipotoka nilitembea hadi nyumbani kwa miguu, kwa sababu kwenye teksi ningelia.

Swali la haraka. Wameniuliza mimi, eti mwandishi, kwa nini Tochi hakuoa? Nimejibu nitatafakari. Nijibie!

Baba wa ubatizo wa Gaëlle,
Firmin


Bukavu
3 Desemba 2024

Firmin, ndugu yangu,

Sisi wazima kwa leo. Mke wangu amefungua mdomo, na sasa natamani angeufunga. Gaëlle amechumbiwa, jina la kijana nitakuandikia nikishampenda.

Jibu la swali: Tochi hakuoa kwa sababu mwanamke yeyote mwenye akili angetaka umeme urudi, na umeme ukirudi yeye ni fundi baiskeli tu. Waambie hivyo, usiongeze neno.

Nimekutumia hadithi mpya, kurasa kumi na mbili. Nimeandika usiku na mchana, ndiyo, mwalimu mzima nimechelewa darasani mara mbili. Sikuwa nimeandika tangu Nairobi. Nilidhani umeniulia kalamu pamoja na safari. Kumbe hapana.

Nataka nikwambie jambo na sitalirudia. Nimekusamehe. Nilikukasirikia hadi nikachoka, na chini ya hasira nilikuta nimekukumbuka tu. Unasema unajiita mwenyewe chumbani. Basi mimi naliandika hapa makusudi, ulione kwa mkono wa mtu mwingine: Firmin Balagizi, mwana wa Balagizi fundi cherehani, mchoraji wa Kapteni Tochi. Firmin. Firmin. Ukiwa na upweke fungua karatasi hii.

Habari za hapa si nzuri. Vita vinashuka kutoka kaskazini, watu wananunua maharage ya kuweka. Mtuombee.

Baba Gaëlle


La Rochelle
26 Januari 2025

Hénock, ndugu yangu,

Mko salama? Redio inataja Goma kila saa na mimi nashika simu kila saa. Niandikieni neno moja tu. Huku hatujambo, kanisani tunafunga na kuomba kwa ajili yenu.

Karatasi yako ile nimeifungua mara nyingi hadi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Imenipa ujasiri ambao sikuwa nao. Kanisani huja mwanasheria wa bure, Mama Gaudiose, Mrundi. Nimemweleza yote. Alivua miwani, akasema mtu anayejitokeza mwenyewe husikilizwa, ingawa hawezi kuniahidi kitu. Wanaweza kunirekebishia jina, wanaweza pia kunifukuza. Nimemwambia nitajaribu. Nina miaka hamsini na mmoja, sitaki kufa nikiwa mtu mwingine.

Miadi yangu Pretoria ni tarehe kumi na nne Julai. Anahitaji kiapo chako, kwamba wewe ndiye Hénock na mimi ndiye Firmin, na kwamba jina ulinipa mwenyewe. Filamu itaonyeshwa Novemba. Nikifaulu, nitasimama mbele ya watu wa Doornfontein, nimwombe Duni radhi, niseme mimi ndiye niliyemchora. Na wewe utarudishiwa jina lako safi, Hénock, utaweza tena kuhojiwa popote na watoto wako.

Fanya haraka, Mama Agnès anarudi mwezi ujao.

Baba wa ubatizo wa Gaëlle,
Firmin


La Rochelle
20 Aprili 2025

Ndugu yangu,

Mama Agnès amerudi na barua yangu mkononi. Anasema mlango wenu una kufuli, na Élysée seremala amemwambia mlivuka kuelekea Burundi mwezi wa pili, kwa miguu, na magodoro. Simu ya Gaëlle haiiti.

Hapa kanisani yuko Astère, dada yake anafanya kazi kambini huko. Amechukua majina yenu. Natuma barua zote mbili kwake, ile ya Januari na hii.

Leo ni Pasaka. Nimepika wali na samaki vya watu wawili, sijui kwa nini. Mpo hai? Kiapo si kitu, acha kiapo. Niambie tu kama mpo hai.

Firmin


Kambini, Burundi
27 Juni 2025

Firmin, ndugu yangu,

Tupo hai, sote. Mke wangu mguu umerudi kuvimba. Gaëlle anafundisha watoto chini ya turubai, na mchumba wake hatujui alipo. Tunalala sita kwenye hema moja.

Dada yake Astère alituhangaikia wiki nyingi. Alimtafuta Hénock Mugisho hema kwa hema na kwenye daftari zote, hakumwona. Mwishowe akasimama katikati ya njia akaita “Mama Gaëlle!” kwa sauti, mke wangu akaitika. Hakumwona Hénock kwa sababu hapa hayupo, Firmin.

Nitakueleza ilivyokuwa na sitajitetea. Tulipofika mpakani walitupanga mbele ya meza. Usifikiri nilikuwa sina njia nyingine. Kitambulisho changu cha kweli, kile nilichotengenezewa upya baada ya kukupa cha kwanza, kilikuwa mfuko wa kushoto. Kile cheti chenye picha yangu na jina lako kilikuwa mfuko wa kulia. Nilikuwa nimeshika mkono wa yule mdogo. Msichana wa mezani akauliza jina. Nikaona kile kioo cha Nairobi kikigeuzwa, nikamwona Gaëlle kwenye basi. Jina langu lina doa kwao, jina lako halijawahi kuandikwa popote. Nikatoa cha mfuko wa kulia.

Mimi niliyekulaani miaka kumi! Ilinichukua muda mfupi kuliko kuvua kiatu.

Wameandika watoto wote Balagizi. Gaëlle Balagizi, binti wa Firmin. Wiki iliyopita wametuita, kesi yetu imewekwa katika orodha ya watakaohojiwa kwa ajili ya kupelekwa mbali, kwa sababu ya mguu wa mama na wingi wa watoto. Faili ni safi, wanasema.

Barua zako zilinifikia pamoja. Nilizisoma nikiwa nimekaa kwenye dumu la maji. Ukienda Pretoria ukasema wewe ndiye Firmin, watauliza huyu wa Burundi ni nani, na sisi tutafukuzwa kwenye orodha mbele ya watoto walewale. Nakuomba usiende.

Lakini jina ni lako, na uliliomba kwa unyofu, na safari hii mwizi ni mimi. Kwa hiyo kiapo ulichotaka nimekiandika, kimesainiwa Hénock Mugisho, kimo humu ndani ya bahasha. Kitumie au usikitumie. Sitakununia tena, lolote utakaloamua.

Baba Gaëlle


La Rochelle
30 Novemba 2025

Baba Gaëlle, ndugu yangu Firmin,

Pokea salamu zangu wewe, Mama Gaëlle na watoto wote. Dawa za mguu alizobeba dada yake Astère zilifika? Msiziache juani. Mimi mzima, magoti yaleyale.

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi mitano. Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili Julai, siku mbili kabla ya miadi. Nilikukasirikia, nisikufiche. Nilikutukana chumbani kwa Kishi, lugha yetu ya nyumbani ambayo hapa hakuna wa kuielewa. Tarehe kumi na nne niliamka, nikavaa suti, nikaweka kiapo chako mfukoni, nikatoka hadi kwenye robot ya kona, zile taa za barabarani, pale teksi za Pretoria zinapopita. Zilipita nne. Nilikuwa nawaza mengi ya kujitetea mbele ya ofisa, lakini kila nikitunga sentensi namwona Gaëlle akisikiliza. Nikarudi nyumbani, nikawasha jiko, nikakichoma kiapo, nikaenda kazini nikiwa na suti. Wenzangu wakauliza nani amekufa. Nikasema hakuna.

Mama Gaudiose nimemwambia nilimdanganya, kwamba mimi ni Hénock tangu kuzaliwa. Hakuniamini, ila amefunga faili.

Sasa nikupe habari ya jana, ndiyo sababu ya barua. Filamu imeonyeshwa. Ukumbi ulijaa, Wakongo, Warundi, Watanzania, wanafunzi wa chuo cha jirani, na watoto wengi waliozaliwa hapa wasiojua Bukavu iko upande gani. Tochi alitembea. Alipopiga pampu ya baiskeli watoto wakapiga pampu naye. Mganga wa betri aliwachekesha kama ulivyosema. Mwisho muhuri wa Mzee Ahmad ukatokea, mwekundu, umepinda, mkimpata Tabia mwambieni.

Duni akaniita jukwaani. “Mwandishi wetu, Mzee Hénock Mugisho.” Nikawaambia habari ya Tochi kutokuoa, neno kwa neno, sikuongeza chumvi. Walicheka sana. Nikashuka kwenda kukaa.

Ndipo msichana mmoja, labda wa miaka kumi, akanyoosha mkono akauliza kwa Kiingereza, “Na nani alimchora?”

Ukumbi ukanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye rafiki yake. Nilisimama. Wewe unajua nilivyolisubiri swali hilo. Nikamwambia, “Alimchora Firmin Balagizi. Ana mkono mzuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Yuko kambini Burundi na mke na watoto, ndiyo maana hayupo leo.” Duni akasema basi tumpigie makofi, ayasikie hukohuko.

Wakasimama wote. Nami nikapiga makofi, nikapiga kwa nguvu, hadi mama aliyekaa jirani yangu akaniinamia akaniuliza kama huyo Firmin namfahamu sana.

Nikamwambia ni ndugu yangu, ila siku nyingi sijamwona.

Baba wa ubatizo wa Gaëlle,
Hénock